«Ça va» si jibu la labo: namna nilijifunza kuongea na dokta juu ya sindano ya testosteroni



Wiki tatu zimepita, kisha mkutano wa chama, kijana mmoja alinifuata mpaka pale motari wanasimama. Akashusha sauti: «Yaya, nasikia unachomaka ile sindano ya testo. Unaitosha wapi? Ya kwako iko ya kweli?»

Nilimwuliza kwanza yeye anaitakia nini. Ana miaka 27, ameoa miezi nane tu imepita, hana ugonjwa wowote. Jioni anainua vyuma, na anataka mabega yaonekane. Tayari alikuwa amechomwa ampuli nne, moja kila wiki, na mwenye kumchoma ni mwenzake wa mazoezi. Hakuna dokta, hakuna labo, hakuna karatasi hata moja.

Mvua ilikuwa inakuja, nikamjibu maneno mawili matatu, tukaachana. Lakini usiku sikulala vizuri. Sababu mimi niko na dokta, niko na labo, niko na karatasi zote, na hata hivyo mwaka 2025 dawa hiyo hiyo ilikaribia kunimaliza. Siyo kwamba dawa ni mbaya. Ni kwamba mbele ya dokta nilikuwa sisemi ukweli. Kijana nimemwomba ruhusa ya kusimulia mambo yake bila jina, amekubali. Mambo yangu mimi nayasimulia nikiwa na jina, kwa hiyo wenye haya wanisamehe leo.

Mwaka 2017 motari aliyenibeba aligongana na gari pale Katindo. Nilianguka juu ya mawe ya volkeno. Mwenye kukaa Goma anajua mawe yetu hayana huruma. Korodani moja ilipasuka, wakaitoa. Ya pili ilibaki, lakini ilikuwa imeumia, na polepole ikanywea. Tulikuwa tayari na watoto wawili, nikamshukuru Mungu, nikarudi kazini.

Miaka mitatu hivi nilikuwa sawa. Kisha ndevu zikaacha kukua, nikawa nanyoa mara moja kwa wiki mbili. Usiku nasikia joto kama mwanamke wa miaka hamsini. Hamu ya ndoa ikaisha. Nikawa na hasira za bure, na uchovu wa kulala saa kumi na kuamka umechoka. Sikuenda hopitali, sababu nilijiambia: Goma nani hachoki? Mke wangu ndiye alisema basi, twende.

Dokta hakuandika sindano siku ile. Aliandika vipimo, na maelezo yake nayakumbuka sababu yalinishangaza. Damu ya testosteroni inatolewa asubuhi mapema, kati ya saa moja na saa nne, mbele ya kula. Homoni hii inapanda alfajiri na inashuka mchana, kwa hiyo damu ya saa tisa inaweza kukuonyesha upungufu ambao huna. Tena haitoshi mara moja. Lazima asubuhi mbili za siku mbalimbali, sababu mutu akiwa na malaria, ao hakulala, ao ana njaa ya siku mbili, homoni inashuka kisha inarudi yenyewe.

Damu ya kwanza niliitoa katikati ya mwezi wa 5, 2021. Ya pili ilipaswa kutolewa wiki iliyofuata, lakini tarehe 22 Nyiragongo ikatoka, siku tano kisha wakatuambia tutoke mjini, tukaenda Sake na magodoro kichwani. Nilirudi labo mwezi wa 7. Kipimo cha kwanza kilisoma 1.4, cha pili 1.6 nanogramu kwa mililita. Madokta wa mkojo wa Marekani wanaweka mpaka wa chini kwenye 3. Nilikuwa nusu ya mpaka.

Alipima pia homoni mbili zenye kutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, LH na FSH. Zangu zilikuwa juu sana. Maana yake: bosi kule kichwani anapiga simu mara kumi, na mfanyakazi chini hapokei. Shida iko kwa mfanyakazi. Kama zingekuwa chini, bosi mwenyewe ndiye amelala, na hapo dokta angetafuta ugonjwa ndani ya kichwa, pengine uvimbe. Ni mambo mawili tofauti kabisa, na wagonjwa wote wawili wanakuja wakisema «nimechoka».

Wenye kuanza na sindano mbele ya labo wasikie hapa. Ukishachoma testosteroni ya nje, bosi anaona kazi imeshafanyika, anazima simu. LH na FSH zinaanguka. Ukifika kwa dokta kisha miezi, hawezi tena kusoma shida yako ya kwanza ilikuwa wapi, ao kama ilikuwapo. Umefuta ushahidi wewe mwenyewe.

Nilianza mwisho wa 2021: testosteroni enanthate, miligramu 250 ndani ya mafuta, sindano ya tako, kila wiki tatu. Siyo dawa ya wahuni. Iko hata kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, katika sehemu ya zile zinazohitaji uangalizi wa mtaalamu. Hayo maneno «uangalizi wa mtaalamu» ndiyo sikuyasikia vizuri.

Mbele ya sindano ya kwanza dokta aliandika mahali nilipoanzia: hematokriti 44, tansyo, PSA ya prostati, namna ninavyokojoa usiku, kama ninakoroma, kama katika ukoo kuna mutu wa kansa ya prostati ao wa damu kuganda. Akaniuliza tena, «Unataka mtoto mwingine?» Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikasema wawili wanatosha, akaandika. Kisha ratiba: rudi kisha miezi mitatu, rudi kwenye mwezi wa sita, kisha kila mwaka kama mambo ni mazuri.

Nilirudi vizuri mwaka wa kwanza. Ndevu zilirudi, nyumba ikapata amani, na kwenye labo hematokriti ilipanda mpaka 48, kisha 49, dokta akasema tuiangalie. Na baada ya hapo nikawa mgonjwa wa «ça va».

Munaijua. Sisi wenye kusoma tukiingia kwa dokta tunaongea Kifaransa. Anauliza «ça va?», unajibu «ça va», anapima tansyo, anaandika ordonansi, dakika nne umetoka. Nadhani Kifaransa kinatusaidia kujificha. Ukisema maneno ya kitandani kwa Kifaransa ni kama unasoma kitabu cha mutu mwingine. Ukiyasema kwa Kiswahili unasikia ni wewe. Kwa hiyo miaka miwili sikuyasema kwa lugha yoyote.

Jambo ambalo sikulisema ni hili. Enanthate haikai sawa mwilini kwa wiki tatu. Siku za kwanza inapanda juu sana, kisha inashuka, na wiki ya tatu unakuwa karibu pale ulipokuwa mbele ya matibabu. Wiki ya kwanza nilikuwa simba. Wiki ya tatu nilikuwa kitambaa. Ingenitosha kumwambia dokta: «wiki ya tatu naanguka». Ni sentensi moja. Badala yake, mwishoni mwa 2024 nilianza kufupisha mwenyewe. Siku 21 zikawa 17, kisha 14.

Halafu ikaja 2025. M23 walipoingia mjini mwisho wa mwezi wa kwanza, benki zikafunga, uwanja wa ndege ukafunga, na randevu yangu ya kila mwaka ikapita. Nani alikuwa na kichwa cha kwenda kutoa damu wakati hopitali zimejaa watu wa risasi? Nikawaza kama mukaaji wa Goma: dawa itakosekana. Mutu mmoja aliniletea kisanduku kutoka Kampala. Nikaanza kuchoma ampuli nzima kila siku kumi, kama vile tunajaza mabido mbele maji ikatike. Nilitaka kujaza mwili. Leo ninaandika hayo ninacheka, lakini wakati ule niliona ni akili.

Mwezi wa 6 kichwa kikaanza kuuma, kizito, nyuma ya macho. Masikio yanalia. Nikiinama kufunga kiatu, naona nyota. Goma kichwa kikiuma ni malaria. Nilikunywa dawa ya malaria bila kupima. Ikapungua siku mbili (sijui kwa nini), ikarudi. Nikanywa tena. Mara ya tatu mke wangu alikataa kunipa pesa ya farmasi. Alisema tunaenda wote wawili, na ataingia ndani.

Ule mwezi wa 8 nakumbuka mazungumzo karibu yote.

«Ça va?»

«Ça va, dokta, kichwa kidogo tu.»

Mke wangu akaingilia kati, kwa Kiswahili: «Hapana, dokta, haiko sawa. Kichwa kinamuuma tangu mwezi wa sita. Na usiku anakoromaka mpaka batoto banaamuka. Saa ingine anaacha kupumua, minamusukuma njo anarudi.»

Dokta aliweka kalamu chini. Akaacha Kifaransa na yeye. «Papa, unachomaka kila siku ngapi?»

Nikasema 21.

«Ampuli ngapi zimebaki kwenye kisanduku?»

Nilinyamaza. Ni mke wangu alijibu: «Zimebaki mbili. Zilikuwa kumi, mwezi wa tano.»

Hakunifokea. Alipiga hesabu kwenye karatasi, akanionyesha: miligramu 250 kwa siku 21 ni karibu 12 kwa siku. Miligramu 250 kwa siku kumi ni 25. Nilikuwa nimeongeza mara mbili. Kisha akanituma labo.

Hematokriti ilisoma 57.

Naieleza polepole sababu ndiyo kipimo cha kwanza kwa kila mwenye kuchoma testosteroni, na Goma haihitaji mashine ya ajabu. Inatoka kwenye kipimo cha kawaida cha damu, kile labo zinaita NFS. Ukichukua damu ndani ya tube na kuizungusha, chembe nyekundu zinashuka chini na maji ya damu yanabaki juu. Hematokriti ni sehemu ya tube iliyojaa chembe nyekundu. Mwanaume wa kawaida ana kati ya 40 na 50 kwa mia hivi. Testosteroni inaamsha mafuta ya mfupa yatengeneze chembe nyingi zaidi. Ni sababu moja wanaume wana damu nyingi kuliko wanawake. Dozi ikizidi, chembe zinazidi, na damu inakuwa nzito kama uji uliosahauliwa kwenye moto. Moyo unaisukuma kwa shida, tansyo inapanda, kichwa kinauma, na hofu kubwa ni damu kuganda: kwenye mguu, kwenye mapafu, ao kwenye ubongo ukaanguka upande mmoja. Chama cha madokta wa homoni cha Marekani, kwenye mwongozo wake wa 2018, kinaweka mstari kwenye 54. Ukiupita, sindano inasimama mpaka damu irudi chini, wanatafuta sababu nyingine zinazosaidia kuipandisha, kisha wanaanza tena na dozi ndogo.

Mimi sababu nyingine nilikuwa nazo mbili, na ya kwanza ni ya sisi wote. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ya juu ina oksijeni kidogo, mwili unajibu kwa kutengeneza chembe nyekundu zaidi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linarekebisha hata vipimo vya upungufu wa damu kulingana na urefu wa mahali. Mutu wa Dar es Salaam ao Matadi anaanzia chini kidogo kuliko sisi. Haikatazi dawa, lakini nafasi kati ya mahali unapoanzia na ule mstari wa 54 ni fupi zaidi huku kwetu, na karatasi ya labo haikuambii hivyo.

Sababu ya pili ilikuwa ile ya kukoroma. Kumbe kuacha kupumua usingizini ni ugonjwa, unashusha oksijeni usiku kucha, na mwili unajibu namna ile ile, kwa chembe nyekundu. Testosteroni nyingi inaweza kuuzidisha. Miaka yote dokta alikuwa ananiuliza «unakoroma?», na mimi namjibu hapana. Mwenye kulala atajua namna gani? Swali lile ni la mutu wa pembeni yako.

Dokta alirudia kipimo kesho yake, akaniagiza ninywe maji vizuri mbele ya kuja. Nilikuwa nimekuja bila kula na bila kunywa hata tone, na mwili ukikauka, maji ya damu yanapungua na hematokriti inaonekana juu kuliko ilivyo. Sasa nimejua: «mbele ya kula» haimaanishi mbele ya maji. Mara ya pili ilisoma 56. Haikuwa kiu.

Testosteroni yenyewe ilikuwa juu mno. Dokta akasema, «Angalau ujue dawa yako ilikuwa ya kweli.» Alisema kama mzaha, lakini nilibaki nalo. Ampuli ya kununua njiani, hakuna macho yanayoweza kujua ndani kuna nini. Damu tu ndiyo inaonyesha. Wenye kuchoma bila kupima hawajui kama wanachoma dozi, nusu dozi ao mafuta ya kupikia.

Nilisimamishwa. Chembe nyekundu inaishi siku 120 hivi, kwa hiyo hakuna kidonge cha kuishusha kwa wiki moja. Kuna namna ya kupunguza damu kwa kuitoa, na dokta aliifikiria, akaamua kungoja na kunifuata karibu, na akanieleza alama za kunirudisha mbio: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, pumzi kukatika, mdomo kupinda. Wiki sita, 51. Miezi mitatu, 47. Ile miezi mitatu ilikuwa mibaya, sitadanganya, joto la usiku na hasira vyote vilirudi. Lakini kichwa kiliacha kuuma, na sijakunywa dawa ya malaria tena bila kupima.

Tulipoanza upya alifanya jambo ambalo ningelipata bure miaka miwili mbele kama ningesema sentensi yangu moja. Nusu ya ampuli, miligramu 125, kila siku kumi. Pigeni hesabu: ni 12 na nusu kwa siku, karibu sawa kabisa na mwanzo. Dozi haikuongezeka, imegawanywa tu. Mlima umekuwa mdogo na bonde limekuwa dogo. Simba hayupo tena, lakini na kitambaa hakipo. Hiyo ni dozi yangu, siyo yenu. Nimeiandika ili muone hesabu. Ubaya wake ni kwamba ampuli ikishafunguliwa haiwekwi, nusu inayobaki inatupwa. Kila mara nikiitupa naona dola zinaanguka kwenye pipa. Nimemwuliza dokta mara mbili kama siwezi kuifunga na pamba. Mara mbili amesema hapana.

Siku hizi naenda na kaye. Tarehe ya kila sindano, mkono wa nani, kisanduku kimetoka wapi na kinaisha lini. Alama ndogo ya namna nilivyoamka. Tansyo, sababu jirani yetu muuguzi ana mashine. Tarehe ya sindano ni ya lazima hata kwa labo: ukipima testosteroni siku ya pili kisha sindano ya enanthate utaonekana tajiri, ukipima siku ya mwisho utaonekana maskini, na dokta asiyejua siku atabadilisha dozi bure. Mimi tunapima katikati, siku ya tano. Dawa nyingine zina siku zake: ile ya kuchomwa kila miezi miwili na nusu ao mitatu inapimwa karibu na sindano inayofuata. Uliza ya kwako.

PSA naipitia haraka. Testosteroni inaweza kuamsha kansa ya prostati iliyokuwa imelala, kwa hiyo wanapima mbele ya kuanza na tena ndani ya mwaka wa kwanza. Ikipita 4, ao ikiongezeka zaidi ya 1.4 kutoka mahali ulipoanzia ndani ya miezi 12, unatumwa kwa dokta wa mkojo. Bila namba ya kuanzia, hiyo hesabu ya pili haiwezekani. Huko Marekani wanaume weusi wanapata kansa hii zaidi na mapema zaidi kuliko weupe, na dokta wangu alianza kuniangalia nikiwa na miaka 40 sababu ya hilo. Jambo dogo la aibu ambalo hakuna aliyeniambia mara ya kwanza: usilale na mke siku mbili mbele ya kipimo, inaweza kuipandisha.

Juu ya moyo watu wanabishana sana. Mwaka 2023 ilitoka Marekani utafiti mkubwa wa wanaume zaidi ya 5,000, wa miaka 45 mpaka 80, wenye homoni ya chini na moyo wenye hatari, nusu walipaka testosteroni ya jeli na nusu jeli ya bure. Mishtuko ya moyo na viharusi havikuwa vingi zaidi kwa wenye dawa. Lakini moyo kupiga ovyo, damu kuganda kwenye mapafu na figo kuumia vilionekana zaidi kidogo upande wao. Vijana wa vyuma wananitumia habari ile kama ruhusa. Wanasahau kwamba wale wanaume walikuwa wanapimwa damu kila wakati na dozi yao inashushwa hematokriti ikipanda. Na walikuwa na upungufu tangu mwanzo.

Sasa kijana wangu. Nilimwita nyumbani Jumapili ile, tukaongea vizuri. Kichwa hakimuumi, tansyo yake hajui. Nilimwuliza swali ambalo dokta aliniuliza mimi: unataka mtoto? Akasema ndiyo yaya, tunatafuta tangu ndoa, mama yake anapiga simu kila wiki kuuliza.

Nikamwambia wazi. Ile simu ya bosi iliyozimwa ndiyo pia inaagiza mbegu. Testosteroni inayotengenezwa ndani ya korodani ni nyingi mara nyingi kuliko ile ya damu, na mbegu zinaihitaji hiyo ya ndani. Ukichoma ya nje, ya ndani inakauka. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu kama dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Matokeo yalitoka 1990: wanaume 271 katika nchi saba, miligramu 200 za enanthate kila wiki. Ndani ya miezi sita 157 kati yao hawakuwa na mbegu hata moja. Ni dawa yake ile ile, na kila wiki kama yeye.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza zinarudi ao hazirudi. Wengi zinarudi, lakini kwa miezi, na kwa mwenye kuchoma muda mrefu inaweza kukawia sana. Yeye amechoma ampuli nne, nadhani ana bahati, lakini mimi si dokta, na nilimwambia hivyo. Aliogopa jambo moja tu: dokta atamdharau, atamwita muongo, atamwambia mke. Nikamwambia mimi nilidanganya miaka miwili na kitu cha kwanza dokta alichofanya ni hesabu kwenye karatasi. Na mambo yako hawezi kumpa mke bila wewe. Wangu aliingia sababu alikataa kubaki nje.

Ameenda Alhamisi iliyopita. Alisema ampuli nne, tarehe zote nne, na jina lililoandikwa kwenye kisanduku. Dokta ameandika NFS, tansyo, homoni za asubuhi pamoja na LH na FSH, na kipimo cha mbegu, cha kurudiwa kisha miezi mitatu. Mke wake bado hajui. Tunaongea juu ya hilo.

Randevu yangu ni tarehe 14. Kwenye kaye nimeandika maswali mawili: kama hematokriti ikibaki chini ya 50 tunaweza kupima kila miezi sita badala ya mitatu, sababu labo ni ghali, na kama kuna ampuli ndogo ya kutotupa nusu. Asubuhi ya leo nimeona kuna la tatu, mwandiko wa mke wangu: «Bado anakoroma.»